Mkono wa Wifi Chini ya Mbavu Zangu

Mshauri wetu wa "Dirisha la Jirani",

Naomba unisaidie, na kama huwezi basi angalau unisome mpaka mwisho, kwa sababu hapa nilipo hakuna mtu ninayeweza kumwambia haya nikabaki na heshima yangu. Naitwa Nevyana, nina miaka ishirini na sita, kwetu ni mji wa Lom kando ya mto, niliolewa huku milimani mwaka juzi na Lyuben, na Lyuben yuko Ugiriki kwenye kazi za ujenzi mpaka theluji ianguke, kwa hiyo nyumbani tumebaki mimi na mama mkwe wangu, Mama Grozdanka, na huyu wa tumboni ambaye sasa ana wiki thelathini na sita. Jina langu andika tu, mama mkwe halisomi gazeti lako, hulifungia mbegu za maboga.

Shida yangu ni jinsi mtoto alivyokaa. Nilipoteremka mjini kupimwa wiki ya thelathini na mbili daktari alinipapasa akasema huyu ameketi matako chini na kichwa juu, nisihofu, muda upo, nirudi baada ya wiki mbili, nami sikurudi, kwa sababu Mama Grozdanka hataki kusikia habari za hospitali, na ukilitaja neno mkunga mbele yake anatema mate pembeni kabisa. Sitaki kumsema vibaya. Binti yake Snezhina, dada mkubwa wa Lyuben, ndiye wifi yangu ambaye sikumkuta, alitoka humu ndani kwa miguu yake miaka kumi na miwili iliyopita akiwa na mimba ya miezi minane, akarudishwa maiti kwenye mkokoteni, yeye na mtoto wake. Kijiji kizima kinasema mtoto alilala kingamo, amekatiza tumbo, na kwamba alilala kingamo kwa sababu ya zulia.

Zulia lenyewe ndilo linanifanya nikuandikie. Snezhina aliliacha bila kulimaliza, limebaki upana wa vidole vinane hivi, na mpaka leo liko kwenye kitanda cha mfumi, ile fremu ya kufumia, katika chumba cha jua, ukuta mmoja na chumba changu. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba zulia halikai nusu nyumba ikiwa na mjamzito, ama mtu aliye hai alimalize ama likatwe, la sivyo mtoto naye anakwama njiani kama zulia lilivyokwama. Tsonka wa dukani aliniambia wazi, "Binti, mkwe wako akate lile zulia kabla hujafika mwezi wa nane, mimi nisingelala humo hata kwa kulipwa." Nilimwambia Mama, akaniangalia, akasema, "Alilishika mwanangu. Sitalikata wala sitalimaliza."

Maumivu yalianza wiki tatu zilizopita, hapa chini ya mbavu za kulia, mbele. Nilimwambia Mama akacheka, akasema, "Hicho ni kichwa cha mtoto, kila mwanamke amepigwa kichwa mbavuni, wewe unadhani Lyuben alikaa tumboni mwangu kama mgeni kwenye kochi?" Akanipaka rakia tumboni, ile pombe kali ya matunda, akanifunga mshipi mwekundu wa kufuma, ule mpana wa sherehe, akaukaza kweli kweli ili mtoto asije akashuka kabla hajageuka, na mshipi wenyewe niliutambua kwa herufi zilizofumwa pembeni, ni wa Snezhina. Sikuuvua, mshauri. Nilijiambia ni mapenzi ya mama mkwe, na kweli ni mapenzi.

Sasa hivi ni msimu wa kuchoma pilipili hoho, Mama hushinda uani kwa Tsonka mchana kutwa, nami hubaki peke yangu. Saa sita jua likiwa limesimama juu ya paa, mbwa wamenyamaza, ndipo ninapokisikia kile kitana cha chuma cha kugongea nyuzi, tup, tup, tup, kisha kimya, kisha tup, tup, tup. Mara ya kwanza nilidhani ni Mama amerudi. Nilikwenda nikakuta benchi tupu na zulia liko palepale, ila sikuridhika, nikafunga kauzi keupe kwenye nyuzi za wima, sawasawa na pale ufumaji ulipoishia, nikasema kesho nitajua. Kesho yake kauzi kalikuwa kamefumiwa ndani, mistari miwili imekaa juu yake. Nikafunga kengine, nako kakafunikwa. Mpaka leo zulia limepanda vidole sita, na kazi ni safi, naapa, kazi ya mtu aliyefundishwa tangu utotoni. Mimi kufuma sijui. Mama Grozdanka vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, hata kitasa cha mlango anafungua kwa kiganja.

Na kila kitana kinapogonga, mkono unanibonyeza. Nasema mkono kwa sababu si kichwa, na hili ndilo lililonitoa jasho. Jumapili iliyopita nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na kuinama, maana nikikaa hivyo mgongo unapumua kidogo, nikahisi mtoto anajivuta, anajivuta, kile kitu kigumu cha mviringo kikahama kutoka kulia kikaenda kushoto kabisa, nilikishika kwa kiganja changu mwenyewe, nikalia kwa furaha nikasema sasa nimepona. Maumivu hayakuhama. Mtoto yuko kushoto na mkono uko kulia, palepale, vidole vinne chini ya mbavu, nikilala ubavu huu upo, nikilala ubavu ule upo, nikisimama upo. Basi huo ni mkono wa nani?

Tangu hapo nimeanza kuona mambo. Nikiliangalia zulia, pembeni mwa macho yangu kunamulika vinyota vya fedha, vinashuka kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha, na juzi katikati ya hivyo vinyota nilimwona mtu ameketi kwenye benchi amenipa mgongo, ana kitambaa cheupe kichwani, nikafumba macho nikafumbua, hayupo. Kichwa kinaniuma toka asubuhi mpaka jioni na vidonge havisaidii kitu. Uso wangu kwenye kioo si wangu, umejaa, macho yamekuwa madogo, pete ya ndoa imezama kidoleni, na Mama anasema nimenawiri. Nimemuuliza kwa upole, "Mama, Snezhina alikuwa akisema nini siku zile za mwisho?" Akatoka nje, na chakula cha jioni hakukila.

Mkasi ninao, mshauri, ninaandika ukiwa hapa mezani. Mama akienda kwa Tsonka naweza kulikata lile zulia kwa dakika tano, ila nikilikata nitakuwa nimemzika binti yake mara ya pili na hatanisamehe, na nisipolikata naona wifi atamaliza mistari iliyobaki na kumchukua mtoto, maana imebaki michache. Nifanye nini? Nijibu upesi, mkono umenibonyeza tangu nilipoanza ukurasa huu na haujaniachia.

Nevyana

*

Nevyana, mwanangu,

Haya utayasoma ukiwa wodini, na mengine unayajua kuliko mimi. Nayachapisha kwa ruhusa yako, kwa sababu wako wanawake wengine wenye mkasi mezani.

Kwanza nikugombeze, pole nitakupa nikishatulia. Daktari akikuambia rudi baada ya wiki mbili, unarudi baada ya wiki mbili. Mama mkwe akikunja uso, mwache akunje. Ulikuwa na miguu, kulikuwa na basi, na kijiji chenu kina duka lenye simu. Ukakaa na maumivu wiki tatu, ukakaa na kichwa kinachopasuka, ukahesabu mistari ya zulia, halafu ukakaa chini ukamwandikia mtu wa gazetini usiyemjua! Barua ilikaa njiani siku nne. Nilipofika mahali pa vinyota nilisimama. Nilipofika kwenye pete nilikuwa tayari nimeshika simu.

Sikiliza jambo ulilolieleza mwenyewe bila kujua. Kichwa cha mtoto kikikaa chini ya mbavu kinaudhi kweli, lakini ni kigumu, ni cha mviringo, kinasukumika, na ukibadili mkao maumivu nayo hubadilika. Wewe mtoto wako alihama, na maumivu hayakuhama. Hapo ndipo ungepaswa kukimbia. Maumivu ya kulia chini ya mbavu yasiyojali umelala vipi, pamoja na kichwa kisichosikia dawa, nyota machoni, uso na vidole vilivyovimba, hiyo ni presha ya ujauzito, na hapo ini ndilo linalolia. Ikiachwa inageuka kifafa cha mimba. Wanawake wanakufa nayo kwa saa chache, na watoto wao pamoja nao. Ukiona hata moja kati ya hayo, unakwenda kupimwa presha na mkojo siku hiyohiyo.

Ninyi wengine mnaosumbuliwa na mtoto aliyekaa vibaya tu, presha imepimwa na iko sawa, hamna sababu ya kuteseka. Vueni mishipi. Hakuna mtoto aliyezuiwa kuanguka kwa mshipi, ila wapo akina mama walionyimwa pumzi. Laleni ubavu wa kushoto, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo. Mbavu zikibanwa, keti wima kwenye kiti kirefu au egemea meza kwa viwiko, si kwenye kibenchi cha kufumia ambacho kinakukunja kama kisu cha mfukoni. Kule kupiga magoti na mikono sakafuni alikofanya Nevyana kunapumzisha mgongo, fanyeni mara kadhaa kwa siku, lakini msitegemee kwamba ndiko kutamgeuza mtoto. Kuleni kidogo kidogo. Na kama wiki ya thelathini na sita imefika na matako bado yako chini, nendeni hospitali, wapo madaktari wanaomgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo, wakiwa na mashine ya kusikiliza moyo na chumba cha upasuaji jirani. Si bibi mwenye rakia. Maji yakipasuka, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje basi la Jumanne.

Sasa nirudi kwako. Zulia silijui. Nimefanya kazi na presha na mikojo maisha yangu yote na sitajifanya mtaalamu wa mazulia. Vinyota nimekueleza, na mtu wa kitambaa cheupe presha inaweza kumleta, hata kishindo cha kitana masikioni inaweza kukileta. Vidole sita vya kazi safi, sijui. Mama mkwe wako ameapa si yeye, na mikono yake naifahamu. Tsonka aliingia kuchukua mfuko wako wa nguo, akaniambia baadaye kwamba kitana kilikuwa juu ya benchi na alipokigusa chuma chake kilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Amini utakavyo. Mimi nitasema moja tu: yeyote aliyekubonyeza hapo, alikubonyeza mahali ambapo daktari angekubonyeza, na hakuondoa mkono mpaka ukaandika barua.

Nilipopiga simu dukani, Tsonka alimwita mama mkwe wako kutoka kwenye pilipili zake. Nayaandika tuliyozungumza kama yalivyokuwa.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

"Mimi ni mkunga, mama, nimestaafu. Usikate simu. Nevyana anaona nyota machoni?"

"Sina haja na mkunga. Huyo ni mtu wa Lom, anaona kila kitu."

"Uso umevimba?"

"Amenenepa. Kwangu anakula vizuri."

"Pete inatoka kidoleni?"

Nikamsikia Tsonka kwa mbali. "Haitoki, Grozdanka! Jana alishindwa hata kukunja ngumi ashike mkate, nilikuambia ukanifokea!"

Kisha Grozdanka akaongea taratibu, sauti si ile ya kwanza.

"Snezhina naye aliona nyota. Alikuwa amekaa kwenye zulia, akaniambia, mama, nyuzi zinameta. Nikamwambia hilo ni jua, fuma."

"Na aliumwa hapa, chini ya mbavu za kulia?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyemgusa. Nimekujua sauti tangu uliposema mama. Ulisimama mlangoni kwangu koti huvui, ukamgusa mara moja, ukasema ni kichwa cha mtoto, vumilia."

Nevyana, alisema kweli. Nilimwambia akuvue mshipi, akulaze ubavu wa kushoto chumba chenye kivuli, na Tsonka aite gari la wagonjwa dakika ileile. Akasema, "Nitafanya. Ila si kwa ajili yako." Akafanya. Mshipi haukufunguka, fundo lilikuwa limekaza, akaukata. Ulipofika hospitali presha yako ilikuwa mia na themanini kwa mia na kumi na tano, na daktari aliyekupasua aliniambia kesho asubuhi usingekuwepo. Kabla jua halijazama ukawa na binti wa kilo mbili kasoro kidogo, yuko kwenye sanduku la kioo lenye joto, ananyonya kwa nguvu. Nimelia kama mjinga.

Nilikuwa mkunga wa vijiji vya huko juu kwa miaka ishirini na tisa. Siku ile ya Snezhina kipima presha changu kilikuwa kimeharibika tangu Jumatatu, nikakiacha zahanatini badala ya kuomba kingine, na dereva alikuwa ananipigia honi barabarani. Nikamgusa, nikakuta kitu cha mviringo chini ya mbavu, nikasema ni kichwa cha mtoto. Siku tatu baadaye alianguka kwa kifafa cha mimba. Waliosema mtoto alilala kingamo nilikuwa nawasikia. Waliosema ni zulia nilikuwa nawasikia pia, na nilijua si kweli, na sikufungua mdomo. Niliacha zulia libebe lawama yangu kwa miaka kumi na miwili, na mama aliyefiwa akalinda kila uzi wake na kuwachukia wakunga wote kwa sababu ya mmoja, na chuki hiyo ikakufungia ndani wewe. Hayo ndiyo niliyokufanyia kabla sijakujua jina. Nimemwambia Mama Grozdanka nitakuja nyumbani kwake mchana, mbele ya majirani, nimwombe radhi. Hajanijibu kama atafungua mlango. Nitakuja tu.

Wewe unachotakiwa ni hiki. Presha inaweza kupanda hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo usitoke wodini kabla hawajakuruhusu na usiache dawa ukijisikia mzima. Mwandikie Lyuben arudi. Mama mkwe wako akija kukutazama mpe mtoto amshike, hata kama vidole havikunjiki, umsaidie chini ya kichwa. Na mimba ijayo, nanyi nyote mnaonisoma, mtu akikuambia ni kichwa cha mtoto, mwambie alete kipima presha. Asipokuwa nacho, ondoka mbele yake uende kwa mwenye nacho, hata akiwa na koti jeupe, hata akiwa mimi.

Kwa miaka sita nimekuwa nikijibu hapa kama "Jirani". Leo natia jina langu.

Evdokia Marinska, aliyekuwa mkunga